Mtani wa Wakata Mikoko: Maisha ya Mfaume bin Haruni

Bismillahi. Haya ni maisha ya marehemu Mfaume bin Haruni, yanayosomwa na mdogo wake Seleman. Yameandikwa Mbuchi asubuhi ya leo, Ijumaa, tarehe 14 Februari 1958, kaburi likiwa bado halijachimbwa.

Marehemu alizaliwa mwaka 1898 katika vilima vya Umatumbi, mtoto wa kwanza wa mzee Haruni na Bi Semeni. Vita vya Maji Maji vilipowafukuza, mwaka 1905, familia ilikimbilia Kibiti na mikeka miwili na mbuzi mmoja. Mwaka uliofuata bibi yake mzaa baba akafariki. Kwa desturi yetu wachimba kaburi ni watani, na wenyeji walisema watu hawa hawana utani nao. Mzee Haruni alichimba peke yake. Mfaume, mtoto wa miaka minane, alizoa udongo kwa kifuu. Hilo hakulisimulia mpaka uzeeni.

Alisoma chuo cha Kurani kwa Mwalimu Swalehe, hapo hapo Kibiti, akahitimu mwaka 1911. Ada hakuwa nayo, ila kuni zilikuwepo porini. Kila mwalimu alipotaka mzigo wa pili, Mfaume alitaka sura ya pili.

Mwaka 1926 akawa nyapara wa wakata mikoko hapa Mbuchi. Watu wake thelathini na wawili walikuwa wamevuka Ruvuma kuja kutafuta kazi, wenye chale usoni. Walikuwa wamesilimu, lakini msikitini waliachiwa safu ya nyuma, kisimani walisubiri wenyeji wamalize, na jina lao midomoni mwa watu lilikuwa wala panya.

Tarehe 9 Juni 1928 alimwoa Bi Mwanaamina binti Husseini, mzaliwa wa Mbuchi. Wakwe walibishana naye mahari miezi mitano. Alikuwa akisema hakupata kufanya biashara ngumu kuliko ile, wala nzuri kuliko ile.

Tarehe 3 Machi 1947 gogo lilimwangukia Nassibu, mmoja wa wakataji, akafa. Wenyeji walikataa asizikwe makaburini hapa. Hana mtani, walisema, nani amchimbie? Kufika alasiri wenzake walikuwa wakifunga mizigo waondoke wote, na maiti yao begani.

Marehemu hakuwa mtu wa mahubiri. Alichukua jembe, akachimba, kisha akalala shimoni na kugoma kutoka, kama afanyavyo mtani.

"Jumbe," alisema kutoka chini kumwambia mkuu wa kijiji, "mtani wao mmempata. Au hawa wakiondoka, mikoko mtaikata nyinyi?"

Akamgeukia Sadala, kaka yake Nassibu. "Mla panya wewe, nitoe humu."

Kwa tusi lile panga lilikwisha kutolewa siku za nyuma. Sadala alikuwa hajapata kumrudishia neno mwenyeji yeyote. Akasema polepole, "Jitoe mwenyewe, nyapara. Tumbo hilo nani atalibeba?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine, na Nassibu akazikwa hapa. Lakini Jumbe Abdulkarimu alitamka siku ile ile kwamba utani huo ni wa Mfaume peke yake, na akifa utakufa naye. Tangu hapo wakataji saba wamezikwa hapa kwa mgongo wa Mfaume, na kila mmoja alijua mgongo huo unazeeka.

Kifua kilianza kumsumbua Novemba mwaka jana. Alipelekwa hospitali, akarudishwa Januari bila nafuu. Kitandani hakuuliza habari za shamba wala za nyumba. Aliuliza kama Sadala ameambiwa aje na jembe. Akijibiwa ndiyo, baada ya kitambo aliuliza tena. Alifariki jana, Alhamisi, saa kumi alasiri.

Asubuhi hii hakuna mwenyeji aliyeshika jembe. Jumbe hajakubali wala hajakataa. Sadala na wenzake wako kambini ng'ambo ya mto, na maji yameanza kupwa. Yakikauka, mtumbwi haupiti.

Marehemu ameacha mjane, Bi Mwanaamina. Watoto wanne, Husseini, Johari, Mwanamkuu na Mohamedi. Wajukuu kumi na mmoja. Mdogo wake Seleman. Na watani wake wakata mikoko, kama wenyeji watakubali waandikwe hapa.

Haya yameongezwa makaburini, baada ya swala ya Ijumaa. Wakataji wamefika kwa miguu, matope mpaka mapajani. Kaburi wamelichimba, na Sadala amelala ndani. Amekataa kutolewa na nduguze marehemu, anamtaka Jumbe. Jumbe amesimama ukingoni muda mrefu, hata waliobeba jeneza wakalitua chini. Ndipo alipopiga goti, akanyoosha mkono.

"Mla panya, toka. Jua linakwenda."

"Nivute basi, mla kambale, kama hiyo mikono bado ina kazi."

Jumbe amemvuta. Pale juu palipoandikwa "kama wenyeji watakubali" pamefutwa kwa mstari. Sadala ametoka; sasa Mfaume aingie, apumzike kwa amani.