Mlango Usiokuwamo Kitabuni

Kijiwe chetu ni benchi moja la saruji mbele ya kibanda cha kunyolea, na aliyelijenga ni Timazi, fundi mwashi, kwa mikono yake, bila kuombwa na mtu. Kila Jumamosi alasiri tunakutana hapo watano. Wembe anafunga kibanda chake, Masafa anaziacha redio za watu zikiwa zimepasuliwa matumbo, Shangazi anatua birika lake la kahawa, Timazi anafika na vumbi la kazini kwenye nyusi, na mimi naja na kitabu. Tunacheza. Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza: mmoja anashika kitabu cha kisa kilichochapwa na kuwasimulia wenzake wako wapi na wanaona nini, iwe ngome, pango au daraja bovu. Wenzake kila mmoja ana mhusika wake. Anasema mhusika huyo atafanya nini, dadu inarushwa, na dadu ndiyo inayoamua kama amefaulu. Mshika kitabu ni mimi, ninayeitwa Mwalimu, kwa kuwa nilifundisha watoto wadogo miaka thelathini na mmoja. Sheria ni moja tu: atakayechungulia kitabu kabla ya wakati wake haketi tena kwenye benchi.

Jumamosi ile hatukucheza. Kitabu kilikuwa mapajani mwangu, kimevaa jalada la gazeti kama ninavyovivalisha vitabu vyote, na watu walikuwa wakimtazama Timazi.

Wembe hakuanza naye moja kwa moja. Kinyozi mzuri haanzi na kidevu. Alianza kwa kupima vitabu tulivyokwisha kucheza, kipi kitamu kuliko kingine.

— Ngome ya Chumvi ilikuwa nzuri, alisema. Ilikuwa na popo, ilikuwa na mfalme aliyekaushwa kama samaki. Lakini hii Nyumba ya Milango Saba imeipita mbali. Hasa tangu tuingie ule ukumbi. Aliyeandika kitabu hiki si mtu wa kawaida. Anawajua watu.

Masafa alisema yeye bado ni wa Mgodi wa Wasiolala, kwa sababu mle mhusika wake alifungua kufuli kumi na tatu bila ufunguo. Shangazi akasema kwake kisa kizuri ni kile ambacho hakuna anayekufa kabla ya kikombe cha pili.

— Sawa, alisema Wembe. Sasa kitabu kitamu hivi, mtu akikichungulia ametuibia sote. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Timazi kazi yake ni nini? Kujenga kuta. Basi hesabu mwenyewe nyufa alizoacha bila kuziba.

Masafa alitikisa kichwa kukubali, kana kwamba hoja hiyo ilikuwa na miguu.

Kilichotokea ni hiki. Jumamosi iliyotangulia, wahusika wao walikuwa bado ndani ya ukumbi mkubwa wa ile nyumba. Nilikuwa nimekwisha kuwaambia kwamba ukumbi huo una ngazi tatu mlangoni na madirisha marefu upande mmoja tu. Wembe, ambaye mhusika wake ana upanga, alitaka kupigana na chochote. Ndipo Timazi akasema, kwa sauti ya mhusika wake, bibi kizee mganga mwenye mkoba: "Gongeni ukuta ule usio na madirisha, hatua nne kutoka kona. Kuna mlango wa chumba umezibwa hapo." Nilishtuka hadi kikombe kikaniponyoka. Chumba kilikuwapo kweli, na sikuwa nimetamka hata nusu neno juu yake. Wote waliuona uso wangu. Kwa hiyo ushahidi mkubwa dhidi ya Timazi, ukitaka kusema kweli, ulikuwa uso wangu mimi.

Lazima nieleze pia habari ya yule bibi kizee, maana bila yeye huwezi kujua tulikuwa karibu kupoteza nini. Timazi si msemaji. Juma zima salamu yake ni kuinua kidole. Lakini akiwa bibi kizee anasema, anatania, anamkemea Wembe kwa kukimbilia upanga, na Wembe anamwitikia "ndiyo, bibi" huku amesahau kwamba anazungumza na mwashi mwenye ndevu. Nimefundisha watoto wa namna hiyo. Unamnyima kinyago, unamnyima na sauti.

— Timazi, sema mwenyewe, aliomba Shangazi kwa upole. Ulijuaje?

Timazi aliutazama mwiko uliotokeza kwenye mfuko wake.

— Nilihisi tu napajua, alisema.

— Anapajua, alisema Wembe. Mmesikia wenyewe.

Hapo nadharia zikaanza kuota mbawa. Ya kwanza ilikuwa ya Wembe: Timazi alikuwa akisoma kila mara mimi nikienda msalani. Haba na haba hujaza kibaba, ukurasa mmoja kwa msala mmoja. Shangazi akasema mbona Mwalimu huenda na kitabu hadi huko. Wembe akanitazama mimi sasa, macho membamba, akauliza kwa nini mtu aende na kitabu msalani. Nikasema ni mazoea ya kazi.

Masafa akaja na ya pili. Yeye alishuku simu. Kitabu kinapigwa picha kwa mbali, kutoka ghorofa ya ng'ambo, na Timazi wiki mbili zilizopita alikuwa akijenga wapi? Ghorofa ya ng'ambo. Shangazi akamkumbusha kwamba Timazi alikuwa akijenga choo cha chini. Masafa akasema ndiyo hasa, nani angemshuku mtu wa choo cha chini.

— Au dadu, alisema Wembe. Tuiangalie dadu. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Shangazi akaidumbukiza dadu katika kikombe cha maji. Ilizama. Wembe akasema dadu isiyo na hatia ingeelea kidogo.

Ya nne ndiyo iliyonitia jasho. Masafa aliinama, akashusha sauti, akasema labda aliyeandika kitabu si mtu wa mbali. Labda anatufahamu. Lile dubwana la ngazini, lililokuwa linadai orodha ya majina kabla ya kumpitisha mtu, nani mwingine angeliwaza? Labda mwandishi ni ndugu yake Timazi na anamtumia habari. Labda kitabu kinaandikwa bado, usiku kwa usiku, kufuatana na tunavyosema hapa. Wembe akatazama juu, kwenye waya za umeme. Shangazi akafunika birika.

Nami nilikuwa nimekalia jambo ambalo lingemwokoa Timazi kwa sentensi moja. Kitabu changu kilikuwa nusu. Nilikinunua kikiwa kikuukuu, kimefungwa kamba pamoja na vingine, na baada ya Jumamosi tatu nikagundua kwamba kinakoma ukurasa wa arobaini. Kurasa nyingine zote ziling'oka zamani. Kwa majuma sita nilikuwa nasimulia kutoka kichwani. Na kwa kuwa jumba kubwa ninalolijua kwa ndani ni moja tu, niliwaingiza kwenye shule yangu: ngazi tatu, madirisha marefu upande mmoja, na stoo nyuma ya ukuta ambayo iliwahi kuzibwa kwa sababu paa lake lilivuja. Aliyekuja kuiziba, miaka saba iliyopita, alikuwa fundi mmoja mkimya mwenye vumbi kwenye nyusi.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu kabla yangu mshika mchezo alikuwa muuza nyama, aliyetunga visa vyake mwenyewe, na kila kisa shemeji yake ndiye aliyeondoka na hazina. Waligombana mpaka meza ikavunjika. Tangu siku hiyo kijiwe kiliapa kucheza kilichochapwa tu, maana kilichochapwa hakimpendelei mtu. Ningesema, wasingeniamini tena. Nisiposema, Timazi alikuwa anaondoka. Na nilikuwa nimekwisha kuvumilia kahawa mbili nikijiambia kwamba labda watachoka wenyewe.

Hawakuchoka. Wembe alisema basi tupige kura.

Timazi akasimama kabla ya kura. Akalipapasa benchi kwa kiganja, pale kwenye kona aliyoisawazisha mwaka juzi, kama mtu anayekagua kazi kabla ya kuikabidhi.

Ndipo mkewe akafika. Mke wa Timazi anakagua mizani sokoni, na hata akitembea hutazama vitu kama vyenye upungufu. Alikuwa bado amevaa koti la kazi. Shangazi akamkaribisha kwa kikombe, yeye akakishika bila kunywa na bila kuketi.

— Shemeji zangu, alisema, wiki nzima yule bibi hajaja nyumbani. Huwa mume wangu anarudi naye kila Jumamosi, ananisimulia wakati ninamenya viazi. Safari hii amekuja peke yake. Nimemuuliza, ameniambia mnasema amesoma kitabu kwa siri.

Wembe alikohoa, akasema hali ndiyo hiyo, shemeji, na ushahidi upo.

— Sijaja kubisha, alisema. Nauliza kitu kimoja. Huo mlango aliouona, uko ukurasa wa ngapi?

Wembe akamtazama Masafa. Masafa akamtazama Shangazi. Shangazi akatazama ndani ya birika. Kisha wote wakanitazama mimi.

Mtoto wa darasa la kwanza akikamatwa na kosa hutazama viatu vyake. Nilivitazama vyangu. Halafu nikampa kitabu.

Alikifungua kwa kidole kilicholoweshwa. Akafika ukurasa wa arobaini, akasoma mstari wa mwisho kwa sauti: "Mlango wa ukumbi unafunguka, na mbele yenu mnaona". Akapindua. Baada ya hapo nilikuwa nimeshonea daftari langu la zamani la maandalio, ili unene wa kitabu usinisaliti.

— "Darasa la Nne," alisoma. "Hisabati. Mada: sehemu. Vifaa: machungwa manne na kisu butu. Mwisho wa kipindi kila mwanafunzi aweze kugawa chungwa bila ugomvi."

Akalitazama tena lile jalada la gazeti.

— Ni mafumbo, alisema Masafa taratibu. Machungwa manne ni sisi wachezaji.

— Na kisu butu ni nani? aliuliza Shangazi.

Wembe akajishughulisha na kucha zake.

Nikawaambia yote: kamba, kurasa arobaini, majuma sita, shule. Niliposema stoo, Timazi aliinua kichwa.

— Ile yenye paa bovu, alisema. Nilipiga lipu mara mbili. Ndiyo maana.

— Ndiyo maana, nilisema. Nisamehe. Nilijua tangu Jumamosi iliyopita.

Aliniinulia kidole, salamu yake ya juma zima. Sikujua kama ni msamaha. Akaketi, lakini pembeni kabisa.

— Ngoja, alisema Wembe. Lile dubwana la ngazini?

— Mwalimu mkuu wangu wa kwanza. Mungu amrehemu.

— Na Ngome ya Chumvi?

— Ile ilikuwa nzima. Kila neno la kitabuni.

Wembe alifikiri.

— Ndiyo maana popo walizidi, alisema. Kisha macho yakawa membamba tena. Lakini sasa, Mwalimu, tutajuaje kwamba humpendelei mtu?

Nilimgeukia Masafa, mtu wa nadharia, naye akatazama waya za umeme. Shangazi ndiye aliyekichukua kitabu kutoka kwa mke wa Timazi, akakiweka chini, akalitua birika juu yake.

— Tutamtazama usoni, alisema. Wiki iliyopita uso wake ndio uliosema. Ule hauna jalada la gazeti.

Wembe akasogeza stuli mbele yangu, karibu mno, akanikazia macho kama mteja anayetaka kunyolewa mstari. Masafa akasogea upande wa pili. Mke wa Timazi akaketi hatimaye, kati ya mumewe na mimi, akanywa funda moja.

— Haya, aliuliza. Na huko nyuma ya ukuta kuna nini?

Nyuma ya ukuta wa shule nilijua kilichopo: madawati mabovu na ramani iliyoliwa na mchwa. Nyuma ya ukuta huu, sikujua. Wembe aliuchunguza uso wangu muda mrefu.

— Hajui kweli, alisema, na nilimsikia akipumua.

Shangazi akainamisha birika. Lilitoa matone mawili. Hakuna aliyeondoka. Tulisubiri, na tuliyekuwa tukimsubiri hakuwa mimi.

Timazi alipangusa vumbi kwenye nyusi. Akakunja mgongo kidogo, mkono mmoja ukishika mkoba usioonekana.

— Wewe mwenye upanga, alisema bibi kizee, uweke chini huo upanga na unishike mkono, magoti yangu si ya jana. Sasa gonga. Polepole, mjukuu wangu. Lipu hiyo aliipiga fundi mzuri.

— Ndiyo, bibi, alisema Wembe.

Akainama, akaligonga benchi mara tatu kwa vifundo vya vidole.