Sista Nabalayo, Aliyechangisha Damu Langoni mwa Mochari

Baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi, Sista Joyline Nabalayo anastaafu tarehe 30 Juni. Wakubwa wameniomba niandike wasifu wa kusomwa leo hapa ukumbini tukimuaga, mfupi, wa furaha, usiomuudhi mtu. Nitajitahidi uwe mfupi.

Alianzia wodi ya kina mama, kisha akaletwa kwetu, wodi ya saratani za damu, akiambiwa ni kwa muda tu. Hakuna aliyekuja kumchukua. Ametufunza kazi karibu sote, na ole wako umwite mgonjwa kwa namba ya kitanda chake.

Miaka michache iliyopita tulimpokea Kipngeno, mwashi wa mtaa wa Rhonda. Fizi zilimvuja damu, akadhani ni meno. Kumbe ilikuwa saratani ya damu adimu na kali mno, ile inayofanya damu isigande. Vidonge vyake vipo, na vikianzwa mapema wengi hupona. Kwetu havikuwepo. Sampuli ikapelekwa Nairobi, majibu yakakawia, vidonge vikakawia zaidi. Wakati huo wote alihitaji chembe za kugandisha damu, nazo huharibika baada ya siku chache, kwa hiyo kila mara tulitafuta watu wapya wa kutoa damu. Sista alipigia simu ukoo mzima. Walikuja ndugu wawili.

Kipngeno akafariki. Siku ya kuchukua mwili, mabasi yalifika langoni mwa mochari yamejaa, na kwaya na spika juu. Sista alitoka wodini, akapenya katikati ya kwaya, akachukua maikrofoni mkononi mwa mhubiri: "Poleni sana, watu wangu. Lakini hii damu yote mmekuja nayo leo, juzi ilikuwa wapi?"

Wa kwanza kukunja mkono wa sweta ili atolewe damu alikuwa mama mzazi wa Kipngeno.

Sista alionywa kwa kuvuruga msiba. Ijumaa iliyofuata, watu wengine wakija kuchukua miili, alirudi palepale langoni, safari hii na turubai na vitanda vya kutolea damu, na hakuacha tena. Anyango wa Kaptembwo, aliyeugua ugonjwa uleule, yuko hai kwa damu ya waombolezaji asiowajua.

Inanikera, na nasema wazi. Wagonjwa wanatoka mpaka Longonot kutujia, halafu tunamtegemea mama mmoja na turubai! Mashine ya kutenganisha chembe za kugandisha damu tumeahidiwa hadi tumechoka kupiga makofi. Na nafasi ya Sista bado haijapata mtu.

Sista, asante. Lala hadi jua liwe kali, na simu uzipokee za wajukuu tu. Maisha yako ya nyumbani yawe mema na marefu.

Sisi wengine tusikimbilie keki. Wodini yupo Kiplimo, mtoto wa darasa la pili, anavuja damu puani kwa ugonjwa huohuo. Chumba cha kutolea damu kiko mkono wa kushoto ukitoka ukumbini. Mama yake amekaa mlangoni tangu asubuhi, anatazama nani ataingia.