Mama Kwanini na Nepi Nyeupe

Miaka thelathini na mbili kwenye wadi ya watoto wachanga, na tarehe thelathini mwezi huu muuguzi wetu anastaafu. Tunamwita Mama Kwanini, hata mbele yake. Haudhiki. Anauliza kwa nini.

Mimi ni mfuaji wa nguo za wadi. Wenzangu wameniambia niandike maneno haya ya kumuaga kwa sababu yeye mwenyewe alinitaja.

Alianza kwa kupima watoto uzito, akamaliza mkuu wa zamu. Amefundisha wauguzi hadi wengine sasa ni mabosi wake. Nilipofiwa na mke wangu alinihamishia zamu ya asubuhi, niwahi kuwapikia wanangu. Sikuwa nimemwomba.

Kila mtoto mwenye umanjano, hakumwangalia chini ya taa. Alimpeleka dirishani, akambonyeza paji la uso, akaachia, akatazama ngozi. Kisha kifua, kisha miguu. Umanjano ukifika miguuni, hapo hataki kusemeshwa.

Siku moja kulikuwa na mtoto wa kike, wiki tano. Manjano tangu azaliwe, lakini ananyonya vizuri, kwa hiyo daktari alishaandika arudi nyumbani. Mtu wa maabara akamtoboa kisigino, akabandika pamba. Ikalowa. Ikabadilishwa, ikalowa tena. Wengine wakasema sindano imeingia sana. Mama Kwanini akashuka mpaka kufulia, akaniuliza nepi za yule mtoto zina rangi gani.

Nikamjibu nimefurahi kabisa, "Hizo ndizo nazipenda, dada. Nyeupe, wala hazitaki kusuguliwa."

Hakucheka. Tulimwaga gunia zima sakafuni. Choo kilikuwa kama chokaa. Mkojo ndio uliotia madoa, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, ila hayo hutoka kwa maji tu.

Akanieleza hapo hapo, kapiga magoti kwenye nepi. Nyongo ndiyo inatia choo rangi. Njia yake ikiziba kwenye ini, inabaki mwilini, mtoto anakuwa manjano. Na bila nyongo tumboni, mwili haupati vitamini ya kugandisha damu. Kumbe umanjano na pamba iliyolowa ni kitu kimoja. Miaka kumi na moja nafua, sikujua. Akasema, "Akitoka leo, damu inaweza kuvujia kichwani."

Alipanda ngazi na nepi mbili mkononi, akaziweka juu ya meza ya daktari, juu ya ile ruhusa. Daktari alikunja pua, kisha akazitazama vizuri. Mtoto akachomwa sindano ya vitamini K. Kesho yake pamba ilikauka. Vipimo vikathibitisha, wapasuaji wakamfungulia njia ya nyongo. Bado anatumia dawa. Anasoma darasa la kwanza, na mama yake anasema hanyamazi.

Siku hizi nepi ya mtoto mgonjwa haiingii majini mpaka nimeifungua. Nikiona nyeupe, napanda ngazi.

Asante, dada. Kapumzike na afya yako. Huku chini tutaangalia.