Clemensi Qamara na Mtego wa Nondo wa Endabash

Mzee Clemensi Qamara anastaafu tarehe 30 Juni 1986, baada ya miaka ishirini na minne ya utumishi katika kilimo. Kumi na sita kati ya hiyo ameitumia Endabash, akitunza mtego wa nondo. Kila asubuhi hufungua chombo kilicho chini ya taa, huhesabu nondo wanaozaa viwavijeshi, na kupeleka idadi kwetu, ofisi ya kilimo. Idadi ikipanda, wakulima huonywa wakague mahindi.

Mwaka wa kwanza popo mmoja alinaswa mtegoni. Clemensi, akiwa mgeni wa kazi, aliandika kwenye fomu: nondo mmoja, ana meno. Sisi wa ofisini tulicheka mwezi mzima. Yeye aliazima vitabu akasoma.

Februari 1981 idadi ilishuka ghafla kutoka mia mbili hadi kumi na moja. Popo walikuwa wamehamia dari la ghala jirani, na mabawa ya nondo yalitapakaa chini ya taa. Watu walifurahi. Mama Marsela, mkulima wa kijiji cha Qurus, alimwambia sasa popo wamemnyang'anya kazi, arudi kwao akafuge kuku.

Clemensi hakuridhika, na sababu zake zafaa kuelezwa. Popo na nondo huruka gizani wote wawili, lakini popo ni mnyama anayenyonyesha, na bawa lake ni ngozi iliyotandwa juu ya vidole. Nondo ni mdudu mwenye mabawa manne yenye ungaunga, na huishi siku chache tu. Popo hutoa sauti tusiyoisikia, akawinda kwa mwangwi wake. Nondo naye ana masikio, yako kifuani. Akiisikia sauti hiyo hujiangusha chini. Basi wengi hawakuliwa wala kunaswa: walishukia mahindini, na huko ndiko wanakotaga.

Alipotaka wakulima waonywe, ofisi ilimjibu kwamba ameajiriwa kuhesabu, siyo kubuni. Akapanda baiskeli hadi Qurus. Mama Marsela alimcheka huku akigeuza majani kumridhisha. Jani la nne lilikuwa na mayai, akaenda kuwaita majirani. Walinyunyiza dawa viwavi walipoanguliwa tu, na Qurus ikavuna. Msimu uliofuata fomu ilikuwa na sehemu mpya ya kuandika popo walioonekana.

Asante, Mzee Clemensi. Tunakuombea afya njema, mvua za kutosha, na asubuhi nyingi zisizo na kitu cha kuhesabu.