Dismasi wa Vidonge na Daftari la Rozalia

Padri wetu, wazee wangu shikamooni, ndugu wote mliokuja kwa miguu na kwa mitumbwi, mimi ni Selestini Martini wa Bangwe, kaka yake mjane, familia imenipa kazi hii kwa ajili ya sauti yangu, maana nikikohoa hapa Mwamgongo watu wa Kongo ng'ambo wanaitika, ila darasa langu ni la nne na lenyewe sikulimaliza, nikikwama mnivumilie, na nikimtania marehemu msishangae, ni shemeji yangu, ningenyamaza angefufuka aniulize kama naumwa.

Marehemu Dismasi Bonaventura alizaliwa hapa hapa Mwamgongo tarehe 3 Mei 1929, akasoma shule ya misheni kule Kigoma toka mwaka 1938 mpaka 1944, akamaliza darasa la sita, kwa hiyo alinizidi madarasa mawili tu, lakini alivyokuwa akiringa ungedhani kanizidi mia mbili.

Alivua dagaa miaka minane, mwaka 1952 akachukuliwa kujifunza udresa, kufunga vidonda na kugawa dawa, akawekwa zahanati ya hapa, na kwa habari ya vichwa hakuna aliyemfikia toka hapa mpaka Ujiji, kichwa cha homa alikipa klorokwini, cha jua alikipa maji na kivuli, cha pombe alikipa matusi kwanza halafu aspirini, na kesho yake baada ya Uhuru, tarehe 10 Desemba 1961, foleni ya vichwa ilianzia mlangoni pake ikaishia Burundi, wote akawatibu kabla ya saa sita mchana.

Tarehe 16 Julai 1955 alifunga ndoa Bangwe na dada yangu Rozalia, Mungu akawapa watoto watatu, Ignas, Marsiana na Antoni, wote mnawaona pale mbele.

Sasa dada yangu alikuwa na kipandauso, kile kichwa cha upande mmoja kinachokuja na kutapika, mwanga hautaki, sauti haitaki, na mume wake mwenye funguo za kabati la dawa akaona huyu atapona tu, akampa aspirini mbili asubuhi, mbili mchana, mbili jioni, kila siku ya Mungu, hata siku kisipouma, ati kisije, na akawaambia na wavuvi wafunge vidonge kwenye ncha ya kitambaa pamoja na chumvi na unga wa posho, wameze kabla ya kuingia ziwani, nao wakameza miaka sita, kijiji kizima kikawa kinatembea kimeshika paji la uso, na kadiri vichwa vilivyouma ndivyo Dismasi alivyoongeza.

Machi 1972 nilikuja na mtumbwi wangu, nikapiga makasia toka Bangwe mpaka hapa kwa muda wa mtu kuchemsha maharage, nikamkuta dada yangu amelala gizani kama kaa shimoni, nikasema Dismasi bwana, namrudisha dada yangu kwetu Bangwe, wewe umemshindwa, naye hakubisha, jambo ambalo lilinitisha, akasema, "Shemeji, nipe miezi miwili, asipopata nafuu nitakusaidia mwenyewe kumpakia."

Wakati huo Rozalia alikuwa ameanza elimu ya watu wazima, mwalimu kawaambia waandike kila siku neno moja moja la nyumbani, yeye akawa anaandika, leo kichwa, vidonge sita, leo kichwa, vidonge nane, daftari zima hivyo, Dismasi akalichukua yeye na mkewe mpaka hospitali ya Kigoma, daktari hata kichwa hakukishika, alisoma daftari, akamwambia, "Dresa, siku ishirini na sita katika mwezi, hiki si kipandauso peke yake, vidonge vyako ndivyo vinavyokileta, dawa ya kutuliza haimezwi kila siku, zaidi ya siku mbili kwa wiki inageuka ugonjwa."

Mnajua kiburi cha Dismasi, lakini alirudi akasimama kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya wavuvi aliowafungia vidonge yeye mwenyewe, akasema mimi ndiye niliyekosea, vitambaa vyenu vifungueni, na nyumbani akafunga kabati, dada yangu akaumwa siku kumi na nne kuliko zamani zote, akamtukana kwa Kiha na Kiswahili, naye akawa anaosha ndoo na kubadilisha kitambaa cha maji usoni, kabati hakulifungua.

Baada ya hapo ndipo wakaanza ile dawa nyingine aliyoandika daktari, ya kuzuia, kidonge kimoja kila jioni, kichwa kiwepo kisiwepo, Dismasi akacheka, ati mtu mzima anakunywa dawa hana ugonjwa, lakini alimpa, na mwezi wa pili wa dawa hiyo daftari likasema kichwa siku tatu tu, mimi niliyekuja tena kumchukua nikafunga safari ya kurudi na mtumbwi mtupu, huku dada yangu kasimama ufukweni juani ananipungia mkono, juani, mnasikia.

Marehemu aliugua kifua Septemba mwaka huu 1977, akalazwa Kigoma, akafariki tarehe 11 Oktoba saa nne asubuhi, ana umri wa miaka arobaini na minane.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa zahanati, majirani mliochota maji na kuni, na Mzee Ismaili aliyetoa boti yake kumleta nyumbani, na nyinyi akina mama mliomletea mjane vidonge leo asubuhi tunawashukuru pia ila virudisheni, maana nimechungulia daftari lake, ameandika, leo tunamzika Dismasi, kichwa hakuna, vidonge hakuna, na ameniambia habanduki hapa, wanawake kumi na moja wanamletea madaftari yao ya vichwa awasomee.

Pumzika kwa amani, shemeji, mtumbwi wangu unarudi Bangwe mtupu.