Uzi wa Mama Upepo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mkaguzi wa magereza, yule ambaye wafungwa walimwita Mama Upepo. Kaburi lake bado bichi. Mama yake mzazi, fundi cherehani, ametuomba tusimsifu sana. Ametuomba tuwaonye ninyi mlio hai.

Mama huyo hatulii. Tulipofika kwake alikaa, akasimama, akaenda kufungua dirisha ambalo lilikuwa wazi tayari. "Nyumba hii haipitishi hewa," alisema, na pazia linapepea.

Mama Upepo alianza kazi kama muuguzi. Baadaye akaingia kwenye tume huru ya kukagua magereza. Huru, wasikilizaji, maana yake haikuwa chini ya mkuu wa gereza. Iliruhusiwa kupiga hodi wakati wowote, bila kutoa taarifa. Shikeni neno hilo: bila kutoa taarifa.

Alikagua kwa uzi. Ndiyo, uzi wa cherehani ya mama yake. Aliingia selo ya mahabusu, akaufunga kwenye nondo ya dirisha, akatulia kuutazama. Uzi ukicheza, hewa ipo. Uzi ukining'inia kama mkia wa panya aliyekufa, basi watu wanavuta pumzi za wenzao.

Askari walimtania. "Mama Upepo, leo umekuja kutushonea nini?"

"Sanda, kaka, msipofungua madirisha."

Safari moja tume ilijitia adabu, ikapeleka taarifa kwanza. Walipofika, madirisha wazi, uzi unacheza ngoma. Mama Upepo akasifu, akaaga. Njiani akakumbuka mwavuli wake. Kurudi, akamkuta askari juu ya ngazi, misumari mdomoni, anarudishia mabati kwenye madirisha. Wafungwa wanapitisha vitu kwa kamba, ndiyo sababu waliyotoa askari.

"Dada, umesahau nini?" askari aliuliza.

"Nimesahau macho yangu," alijibu.

Tangu siku hiyo hakutoa taarifa tena. Mabati yaling'olewa, naye akawa anarudi na kurudi ili nayo yasirudi.

"Nilimwambia, mwanangu, chumba kile kitakumeza," anasimulia mama yake. "Akanijibu, mama, mimi nakaa humo kidogo tu, wao wanalala humo. Sasa hapo mzazi utasema nini? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

Kifua kikuu kikampata. Akakohoa, akasema ni vumbi. Muuguzi mzima, akasema ni vumbi. Alipokubali kupimwa, mapafu yalikuwa yameshaliwa.

Tangu alipolala kitandani, tume inapeleka taarifa kwanza. Sikieni vizuri: inapeleka taarifa kwanza. Ndiyo maana mama hatulii. Baada ya matanga alitia kibunda cha uzi kwenye mkoba, akaenda mwenyewe getini.

"Shikamoo mama," askari alimwamkia. "Una mtu wako humu?"

"Ninao wote."

"Mama, wewe ni mkaguzi?"

"Mama wa mkaguzi."

Askari akainamisha kichwa. "Pole sana, mama. Lakini siwezi kukuingiza."

Pale kwenye benchi la wageni alikuwapo muuza mboga, kijana wake yuko mahabusu. Mama akakata kipande cha uzi, akamfunga mkononi. "Mpe mwanao aufunge dirishani. Akwambie uzi unafanya nini."

Wasikilizaji wapendwa, mama anasema neno hili, nasi tunalifikisha kama lilivyo. Kikohozi hakisubiri hukumu. Mahabusu akiachiwa leo, kesho yuko nyuma yako kwenye foleni. Askari akimaliza zamu, anakwenda kumbeba mtoto wake. Usiseme la gereza halikuhusu. Ukuta ule ni mrefu kwa watu, kwa kikohozi ni mfupi.

Kwa mama mzazi, kwa ndugu na kwa wote waliopumua kwa sababu yake, tunawapa pole. Mola ampumzishe mahali penye hewa.

Juzi muuza mboga alipita kwa fundi, hakutaka hata kukaa. "Mama, kijana anasema uzi umelala. Haujatikisika tangu aufunge."

Mama hakulia. Alivuta cherehani, akaisukuma tena, akavaa viatu. Anaomba jambo moja tu kwenu: mtu mwenye ruhusa ya kupiga hodi bila taarifa.

Uzi, anasema, anao wa kutosha.