Ng'ombe ya Deux Temps

FORTUNAT: Haloo? Haloo, ni nani iko kwa laini?

NAMEGABE: Ni mimi. Sema polepole.

FORTUNAT: Mimi nani? Niko na mikono ya mafuta, sikuangalia jina.

NAMEGABE: Papa Dorine. Namegabe wa Katindo.

FORTUNAT: Aa, papa. Jambo. Habari ya kwako? Leo haiko siku ya mahari ya Dorine? Walisema familia yote imefika toka Bukavu.

NAMEGABE: Ndiyo, njo leo. Niko nyuma ya choo.

FORTUNAT: Siku ya mahari ya mutoto wako, papa, uko nyuma ya choo?

NAMEGABE: Sikiliza, uniti ya simu ni kidogo. Wewe njo fundi wa pikipiki, nakuamini. Ule kijana, Havugimana, tulimuomba ng'ombe moja.

FORTUNAT: Najua. Na ng'ombe za kwao zilibakia Masisi.

NAMEGABE: Ee. Zilibakia.

FORTUNAT: Hazikubakia hata, papa. Vita ilizimaliza.

NAMEGABE: Najua, Fortunat. Kila mutu anajua. Basi ndugu zangu wakakubali alete pikipiki pa nafasi ya ng'ombe. Asubui hii ameileta. Ile ya marehemu baba yake.

FORTUNAT: Ile ya bulu? Ya katekista? Naijua sana ile. Miaka kumi na tano naitengeneza.

NAMEGABE: Ilifika inatoa moshi.

FORTUNAT: Itatoa, papa. Njo—

NAMEGABE: Ngoja. Kaka yangu, muzee Munguakonkwa, alisema: kama imekuja sawa ng'ombe, itapimwa sawa ng'ombe. Ameangalia meno.

FORTUNAT: Meno ya pikipiki?

NAMEGABE: Alihesabu rayo, zile waya za magurudumu. Tatu hazipo. Akasema imezeeka kidogo lakini ingali inakula. Dada yangu Nsimire akapitisha mukono nyuma, mu bomba ya moshi, akanusa, akaguna. Kisha muzee akamuuliza kijana kama imeshazaa.

FORTUNAT: Na Havugimana akajibu nini?

NAMEGABE: Akajibu na heshima. "Bado, muzee."

FORTUNAT: [anakohoa] Samahani, papa. Ni vumbi.

NAMEGABE: Usicheke. Minataka kitu moja kwako. Nitaenda mu baraza, nitapandisha sauti ya simu, na wewe utaambia kaka yangu hii moteri ni mugonjwa. Neno moja tu. Ng'ombe mugonjwa hatupokei, kijana atarudi nayo, na maneno itakuwa imekwisha.

FORTUNAT: Ndoa itakuwa imekwisha.

NAMEGABE: Itangojea.

FORTUNAT: Itangojea mpaka wapi? Kijana hana ng'ombe ingine, na hana pikipiki ingine.

[rezo ya simu inakwaruza]

NAMEGABE: Haloo?

FORTUNAT: Niko, papa. Ile moteri haiko mugonjwa. Siwezi kudanganya juu ya moteri. Ni deux temps tu, moteri ya nyakati mbili, na deux temps inapumua vile.

NAMEGABE: Pikipiki zote za hapa Goma hazitoi moshi ya bulu.

FORTUNAT: Sababu zote siku hizi ni quatre temps, nyakati ine. Inua mukono wako, papa. Uko na nafasi pale?

NAMEGABE: Niko nayo.

FORTUNAT: Ushushe, uupandishe. Iyo njo pistoni mu silindri. Quatre temps: pistoni inashuka, inavuta hewa na esansi, petroli yake. Inapanda, inakandamiza. Bujii inatoa cheche, moto inaisukuma chini, iyo njo nguvu. Inapanda tena, inafukuza moshi. Mara ine. Inazunguka mara mbili njo inafanya kazi mara moja.

NAMEGABE: Shusha, panda, shusha, panda. Ngoja. Nsimire ananiona. [mbali na simu] Hapana dada, siko naomba Mungu. Endelea tu. [karibu] Sema haraka.

FORTUNAT: Deux temps haina subira ile. Ikipanda, inakandamiza juu, na papo hapo chini yake inavuta chakula mupya. Ikisukumwa chini, inafungua matundu ya pembeni: moshi inatoka kule, chakula inaingia huku. Kila muzunguko ni kazi. Haina supapi za kufungua na kufunga, ni matundu tu.

NAMEGABE: Inakula na kutoa, wakati moja.

FORTUNAT: Njo vile.

NAMEGABE: Huyo ni mutu mubaya.

FORTUNAT: Ni moteri, papa.

NAMEGABE: Ngoja, kaka yangu anapita. [mbali na simu] Muzee, ni fundi. Anasema ni ya nyakati mbili. Zile zingine ni ine. [pikipiki inanguruma karibu kisha inaenda mbali] Fortunat, anauliza: ng'ombe iko na matumbo ine. Kama hii iko na mbili, si ni nusu ya ng'ombe? Anasema kijana alete ingine kama hii, tufikishe ine.

FORTUNAT: Hapana, hapana. Mwambie hii inafanya kazi kila muzunguko. Ile ya ine inafanya muzunguko moja, ingine inapumzika. Kwa kazi, hii inamaliza mbili wakati ile inamaliza moja.

NAMEGABE: Ngoja arudi, anazunguka nyumba. [mbali na simu] Muzee, anasema inafanya kazi mara mbili. [pikipiki inapita tena] Sasa amekasirika kabisa.

FORTUNAT: Juu ya nini tena?

NAMEGABE: Anasema basi ni ng'ombe mbili. Tuliomba moja. Anauliza kijana anataka kutuonyesha nani njo tajiri.

FORTUNAT: Papa Namegabe, nani iko kwa ile piki?

NAMEGABE: Kaka yangu.

FORTUNAT: Muzee wa miaka—

NAMEGABE: Sabini na nane. Ng'ombe ya mahari inazungushwa nyumba mara saba ili ijue kwake mupya. Havugimana anakimbia pembeni, anashika kiti asianguke. Wako kwa muzunguko ya ine, na nyumba yangu imeshikana na kanisa, njo muzunguko ni murefu. Na sasa inaenda muzuri, haina moshi hata kidogo.

FORTUNAT: Haina moshi?

NAMEGABE: Haina. Iko safi sawa kanzu ya padri.

FORTUNAT: Juu ya nini haina moshi?

NAMEGABE: Tuliisafisha. Nsimire alifungua tanki, akaona esansi imechanganywa na mafuta ya moteri. Akasema mugeni haulishwi uchafu. Wakaimwaga yote, wakatia esansi mupya. Ya kituo, hata haiko ya bidon za barabarani.

FORTUNAT: Yesu. Papa, mwambie azime.

NAMEGABE: Azime nini?

FORTUNAT: Moteri. Sasa hivi. Yale mafuta haikuwa uchafu. Quatre temps iko na mafuta yake chini, inakaa pale. Deux temps haina pa kuyaweka, sababu esansi inapitia chini kule kule kabla ya kupanda. Mafuta yake inakuja ndani ya chakula. Njo sababu inatoa moshi ya bulu, ni mafuta inaungua. Ukiondoa mafuta, chuma inasugua chuma, pistoni inapata joto, inavimba, inakamata mu silindri. Kwisha.

NAMEGABE: Kwisha ginsi gani?

FORTUNAT: Kufa, papa.

[rezo inakatika, inarudi]

NAMEGABE: —namuita lakini hasikii. Anasema akizima kabla ya saba ni kuvunja desturi. Iko kwa ya tano.

FORTUNAT: Mumusimamishe. Simama mbele yake.

NAMEGABE: Mbele ya kaka yangu? Hakuna mutu alishasimama mbele yake tangu—

FORTUNAT: Naisikia mu simu. Sauti imeanza kuwa nyembamba. Unasikia vile inalia?

NAMEGABE: Nilifikiri inafurahi.

[mulio murefu, kisha kimya]

FORTUNAT: Papa?

NAMEGABE: Imesimama.

FORTUNAT: Gurudumu ya nyuma imekamata?

NAMEGABE: Imekamata. Imelala pembeni. Muzee yuko muzima, ameanguka juu ya Havugimana. Sasa amevua kofia. Wote wanavua kofia.

FORTUNAT: Pole sana, papa.

NAMEGABE: Ngoja, wanasema. [sauti za mbali] Fortunat, wanasema imekufa, na sasa wanatafuta imekufa ya nani.

FORTUNAT: Ginsi gani ya nani?

NAMEGABE: Kwetu, mu familia yetu, ng'ombe ya mahari ikifa na kamba ingali mukononi ya mukwe, imekufa yake. Atafute ingine. Lakini ikifa na kamba imeshapokelewa na baba ya binti, imekufa ya baba. Haombi ingine, na binti ameolewa. Hakuna kurudi nyuma.

FORTUNAT: Na pikipiki iko na kamba?

NAMEGABE: Wiki yote wazee walibishana. Wakakata: carte rose yake njo kamba. Ile karatasi ya mwenye piki.

FORTUNAT: Basi carte rose iko kwa nani?

[sauti za wazee mbali]

FORTUNAT: Papa Namegabe? Rezo?

NAMEGABE: Rezo iko muzuri. Wanamuuliza kijana sasa. Anaangalia chini.

FORTUNAT: Ameipoteza?

NAMEGABE: Hapana. Asubui, kabla ndugu zangu hawajaamka, alifika kwa mulango. Alinipa na mikono mbili. Sikutaka kupokea. Lakini mutu akikupa kitu na mikono mbili, na iko ya baba yake— iko mufukoni yangu, Fortunat. Hakuna mutu aliniona. Na yeye hasemi. Anangojea mimi.

FORTUNAT: Naelewa.

NAMEGABE: Nikinyamaza, ndoa imekwisha hapa. Hata sihitaji uniambie ni mugonjwa.

FORTUNAT: Kweli.

NAMEGABE: Haiko juu ya moshi, Fortunat.

FORTUNAT: Nilijua haiko juu ya moshi, papa.

NAMEGABE: Na haiko juu ya kijana. Kijana ni muzuri. Tangu mama ya Dorine alituacha, ni yeye njo anafungua madirisha asubui. Akienda, nitabakia na radio. Na radio yenyewe inashika Kigali tu.

FORTUNAT: Dorine iko wapi?

NAMEGABE: Kwa mulango wa jikoni. Anaangalia vile kijana anapanguza vumbi kwa ile piki na shati yake.

FORTUNAT: Na wao wanakungojea, papa.

NAMEGABE: Shika hapo. [mbali na simu] Muzee. Ndugu zangu. Musimuulize kijana. Kamba iko kwangu. Ee, tangu asubui. Nilipokea mimi mwenyewe. Hii ng'ombe imekufa yangu. [kelele, vigelegele, mutu anapiga sufuria] Fortunat?

FORTUNAT: Niko hapa.

NAMEGABE: Wameanza kuimba. Nsimire analia na kucheza. Kaka yangu anasema ng'ombe ya mahari ikifa, lazima tutume paja moja kwa wakwe, wajue tuliikula na heshima. Anauliza paja ni wapi.

FORTUNAT: Mupe gurudumu ya nyuma. Lakini musiikate, papa. Kuna bulon mbili za kufungua.

NAMEGABE: Nitamwambia bulon mbili.

FORTUNAT: Na inaweza kufufuka. Pistoni mupya, kusugua silindri kidogo, inatembea tena.

NAMEGABE: Hiyo usimwambie kaka yangu. Ng'ombe ya kufufuka hatuna sheria yake, tutakaa hapa mpaka Pasaka.

FORTUNAT: Nitakuja dimanche, Jumapili, kisha misa. Ni kazi ya siku moja.

NAMEGABE: Moja tu?

FORTUNAT: Masaa tatu ao ine tu. Najua ile moteri.

NAMEGABE: Uniti zinaisha, inalia mu sikio. Fortunat.

FORTUNAT: Papa?

NAMEGABE: Usiikimbize. Kama itakula dimanche mingi haiko mubaya. Chai itakuwako. Kuja hata kama bado haujapata pisto—

[imekatika]